Marehemu Hanunui Kadi Mpya

Siku niliyobadilisha kadi ya waifai kwenye laptopu yangu nilipanda mlima nikiimba. Nilikuwa natoka Same mjini, kwa fundi mwenye kibanda karibu na stendi, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi kadi mpya inavyokimbia. Faili la sauti ambalo kadi ya zamani ingelivuta hadi chai ipoe, hii ililimaliza kabla sijafunga zipu ya mkoba. Nilipofika nyumbani nikampa mama shikamoo ya juu juu, nikakaa kwenye meza ya marehemu baba na kuwasha.

Ikaja polepole kuliko ile niliyoitoa.

Sikuamini. Nilizima, nikawasha. Nikasogea dirishani. Faili lilelile nililolivuta Same kwa mkupuo mmoja sasa lilikuwa linadondoka tone kwa tone. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, akaniuliza imekuwaje.

"Kadi mpya inatembea kwa magoti."

"Labda baridi imeishtua. Huko Same ilizoea jua."

Sikuwa na hamu ya utani. Ile laptopu ilikuwa ya baba, aliinunua alipostaafu, na alipofariki niliirithi pamoja na kiti chake na upande wake wa meza. Nilikuja kumzika nikitokea Dar es Salaam, na sikurudi. Kazi yangu ni kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, na ofisi ilinikubalia niifanye nikiwa huku milimani. Kisha ofisi ikaanza kazi ya aina nyingine: mkutano unaendelea, watu wanaongea, na mwandishi anaandika papo hapo ili maneno yaonekane chini ya picha. Huwezi kuifanya kazi hiyo kwa mtandao wa kusuasua, wala kwa kadi inayokata kila ikipata joto, na kadi ya zamani ilikuwa inakata. Mkuu wangu alisema waziwazi kwamba Alhamisi ya juma lililofuata nitapewa jaribio. Nikipita, nitakaa huku. Nisipopita, nirudi ofisini.

Kurudi ofisini maana yake ni kumwacha mama peke yake na ile nyumba, au kumchukua nikakae naye kwenye vyumba vyangu vya kupanga. Aliwahi kuja mara moja, baba akiwa hai. Alikaa akitazama ukuta wa jirani, akasema, "Mwanangu, huku nitakufa nikiwa mzima." Kwa hiyo ile kadi haikuwa kadi tu. Ilikuwa ndiyo inayoamua mama yangu atazeekea wapi.

Nikaanza kuitafutia ugonjwa. Ndani ya laptopu kuna nyaya mbili nyembamba za antena zinazobanwa kwenye kadi, na mtandaoni watu wengi walikuwa wanasema fundi mzembe huacha mmoja ukining'inia. Nikafurahi, maana nilipenda awe mzembe. Nikachukua bisibisi, nikafungua mgongo wa laptopu juu ya kitambaa cha meza cha mama, nikakuta nyaya zote mbili zimebanwa vizuri kabisa. Nikaingiza programu mpya ya kadi, nikaitoa, nikaingiza ya zamani. Nikaihamisha kutoka masafa haya kwenda masafa yale. Nikaenda kusimama na laptopu mikononi chini ya kisanduku cha waifai kilichofungwa kwenye paa, mpaka jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa majani akaniuliza kama nasali.

Mwisho nikarudisha kadi ya zamani. Ikakimbia! Nilipiga kelele mama akadhani nyoka. Nikashusha mafaili yote ya juma lile kwa furaha, kisha ikapata joto, ikakata, na asubuhi yake ikafa moja kwa moja. Haikuonekana tena hata kwa kubembelezwa.

Nikairudisha ile mpya, nikashuka Same na hasira zangu zote. Fundi alinipokea vizuri, mimi sikumpokea vizuri. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia kadi mbovu. Hakubishana. Aliichukua laptopu, akaiunganisha na waifai ya kibandani, akaigeuza inielekee. Ilikuwa inakimbia kama siku ya kwanza.

"Dada, kadi hii haina shida," akasema. "Labda huko kwenu ndiko kuna shida."

Niliomba radhi kwa sauti ndogo kuliko ile ya matusi, nikapanda gari kurudi mlimani. Nilipofika, kadi ikarudi kutambaa. Yaani ilikuwa nzima Same na mgonjwa nyumbani.

Nilipokuwa nimekaa pale nimeshika tama, nikachukua simu yangu ili nimwandikie mkuu kwamba nimeshindwa. Simu ilikuwa polepole, kama ilivyokuwa siku zote. Nilikuwa nimeizoea, nikaamini ni ya bei rahisi. Lakini safari hii nikaiweka kando ya laptopu, nikafungua kitu kilekile kwenye zote mbili. Zikaenda sawasawa, hatua kwa hatua, kama mapacha. Nikachukua na simu ya mama. Nayo vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna kilichoharibika. Kuna mtu alikuwa anatupimia.

Na mtu mwenyewe nilimjua. Intaneti ya upande wetu inaingia kwa dishi moja lililo juu ya paa la mashine ya kusaga ya baba mdogo, mdogo wake baba, na kutoka pale inarushwa kwenye nyumba za watu waliochangia kulileta. Anayeiangalia ni yeye, kama anavyoangalia zamu za maji. Nikaenda mashineni na laptopu kwapani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mahindi?"

"Nimeleta malalamiko."

Akazima mashine, akajipangusa unga usoni kwa kiwiko. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, akatoa simu yake na kuitazama kwa muda.

"Nilikuwa najiuliza," akasema. "Mashine ya baba yako haijaingia hewani tangu juzi. Nilidhani imekufa."

"Si ndiyo hii hapa!"

"Hii siyo." Aliigonga laptopu kwa kidole kama anayegonga tikiti maji. "Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake. Ruta haijui kompyuta, haijui meza, haikujui wewe. Inajua namba ya kadi. Umeitoa ile kadi, umemtoa baba yako. Umeweka nyingine, ameingia mgeni. Na wageni wanagawana yanayobaki."

Kumbe ni kitu kidogo hivyo! "Basi andika namba mpya mahali pa ile ya zamani," nikasema. "Ni kazi ya mara moja."

Hakunyanyua hata kidole.

Kwetu maji hayanywewi ovyo. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na maji yanashuka mferejini kwenda shamba la mwenye zamu. Zamu huwa kwa jina la mwenye nyumba, na akifa huishika mwanawe wa kiume. Nyumba isiyo na mwana wa kiume, zamu inarudi kwa wote. Intaneti ilipokuja, wale waliochangia walikaa kikao waone wataigawaje, na hawakuona njia nyingine zaidi ya ile waliyokuwa nayo. Kila nyumba ikapewa zamu moja, kwa kifaa kimoja, kwa jina la mwenye nyumba. Baba aliponisimulia kwa simu nilicheka sana. Nilimwambia mmeifanya intaneti kuwa mahindi ya kumwagilia.

Na baba alizaa mtoto mmoja tu, mimi.

"Baba yako alipofariki zamu yake ilitakiwa irudi," baba mdogo akasema. "Kila tulipokaa hakuna aliyeuliza. Kompyuta ya marehemu inawaka, maji ya marehemu yanamwagilia tangawizi ya shemeji. Tukajifanya hatuoni."

"Yaani muda wote huu nimekuwa naingia mtandaoni kama maiti?"

"Kama baba yako," akanisahihisha kwa upole.

Kila faili nililoshusha, kila mshahara niliofanyia kazi kwenye ile meza, ulipitia kwa jina la mtu niliyemtupia udongo kaburini kwa mkono wangu.

"Basi endeleeni kujifanya hamuoni," nikasema. "Andika tu namba."

"Haiwezekani. Nikigusa chochote humu, kila mwenye zamu anapata taarifa kwenye simu yake. Tulipanga wenyewe hivyo, ili asiwepo wa kuiba. Wataniuliza ni nani huyu. Niwaambie kaka amenunua kadi mpya? Marehemu hanunui kadi mpya, mwanangu."

"Waambie ni mimi. Nimezaliwa kwenye nyumba ile."

"Ndiyo."

"Sasa mimi ni mgeni?"

"Kwa mfereji, ndiyo."

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Kisha swali likanijia, na nilijua jibu lake kabla sijalitoa mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimeijaribu simu ya mama mchana uleule.

"Na mama?"

Akaangalia unga kwenye viganja vyake.

"Baba mdogo. Na mama?"

"Shemeji naye."

Mama yangu aliolewa kwenye ule mlima kabla barabara haijafika. Amezika baba mkwe, mama mkwe, na mume. Nilitaka kupiga kelele, na nadhani nilipiga. Baba mdogo akaniacha nimalize, kisha akasema jambo ambalo bado likinijia linanitia baridi. "Sikiliza. Ukiuliza hili mbele ya watu, nitalazimika kujibu. Na nikishajibu la intaneti, nimejibu na la maji. Desturi ni moja. Kaa kimya, mama yako aendelee kumwagilia."

Nikaondoka bila kuaga. Nikikaa kimya, Alhamisi ninashindwa, na mama anahama au anabaki peke yake. Nikisema, anaweza kubaki na mimi na asiwe na tone la maji kwenye shamba lake. Nilitembea njia nzima nikijaribu kutafuta mlango wa tatu na sikuuona.

Sikukusudia kumwambia. Lakini mama husoma uso wangu haraka kuliko Biblia yake, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshamwaga yote. Nilitegemea alie. Aliuliza swali moja tu.

"Kasema mimi mgeni?"

"Kasema kwa mfereji."

Akaenda jikoni kugeuza makande. Akapakua, tukala, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nilishangaa mno. Nikadhani hakuelewa.

Jumamosi ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, safari hii ya kutoa tope kwenye ndiva. Mimi kwa kawaida nilibaki nyumbani na kazi zangu. Asubuhi ile mama alinitupia jembe na kusema, "Vaa viatu vibovu." Tulipanda. Ndiva ilikuwa imefunguliwa ikaisha, na watu walikuwa chini wamezama hadi magotini, wanaume kwa wanawake, wakirusha tope ukingoni huku wakitaniana. Nilichimba kando ya mama. Mikono ilinitoka malengelenge, yeye alikuwa anapumua kama yuko kwenye kiti.

Kazi ilipoisha watu wakakaa ukingoni, na baba mdogo akasimama kusoma zamu za juma linalokuja. Hata hakufika mbali. Mama alisimama, tope hadi mapajani.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nina swali. Zamu ya nyumba yangu ni ya nani?"

Nilimvuta kitenge, akautoa mkono wangu kama anayefukuza nzi. Baba mdogo alinitazama mimi, kwa hasira, kisha akatazama chini. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa amevaa koti pamoja na jua lile akajibu kwamba desturi inajulikana, zamu ni ya baba na mwana, na wao kwa huruma walikuwa wamenyamaza, sasa yeye mwenyewe ndiye kaliamsha.

"Sikuomba huruma," mama akasema. "Nimeuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililetwa hapa bibi harusi, na siku ya tatu mama mkwe akanipa jembe, nikaja hapahapa kutoa tope. Sijawahi kukosa msaragambo. Nimekuja na mimba, nimekuja na mtoto mgongoni, nimekuja juma lilelile nililomzika mwenzangu. Sasa mnioneshe kati yenu aliyechimba hili shimo kuliko mimi. Akisimama, mimi nitakaa."

Hakuna aliyesimama. Niliwaangalia mmoja mmoja, na nilikuwa nimeacha mdomo wazi kama mtoto. Mwanamke mmoja upande wa pili akasema, "Hayupo." Wengine wakaitikia. Yule mzee wa koti alikohoa, akajifunga vifungo, akasema kwa sauti ya mtu anayekubali kwa shingo upande: "Basi aandikwe. Lakini nyumba moja, zamu moja. Marehemu atolewe kwanza. Kote, kwenye maji na kwenye hilo dishi lenu."

Kwenye maji ilikuwa rahisi, jina halikuitwa tena. Kwenye dishi ilibidi litolewe kwa mkono. Baba mdogo akatoa simu. Akabonyeza, akabonyeza, kisha kidole kikasimama hewani. Simu ilikuwa inamuuliza kama ana hakika. Aliyekuwa anatolewa ni kaka yake.

Mama akaichukua ile simu mkononi mwake. Miwani ilikuwa nyumbani. Akanigeukia.

"Nioneshe pa kubonyeza."

Nilimwonesha. Sijui niliwezaje. Nilikiweka kidole changu chenye tope karibu na neno "Ndiyo", na mama akabonyeza kwa nguvu, kama anayeminya kengele ya mlango ambayo hana hakika kama inalia.

Akamrudishia shemeji yake simu. "Sasa niandike mimi. Kifaa ni hicho cha huyu binti."

Jioni kadi ilikimbia, na Alhamisi nikapita jaribio. Hayo yalikuja baadaye wala hayakunishtua. Kilichonishtua kilikuwa njiani, tukishuka wawili na majembe yetu. Nilikuwa nampa sifa, naongea bila kupumua, nikamuuliza alipata wapi ujasiri wa kuweka maji yake hatarini kwa ajili ya kazi yangu.

"Ya kazi yako yalinipa nafasi tu," akasema. "Zamu hiyo nilijua si yangu tangu siku ya mazishi. Kila asubuhi ya zamu yetu ilipofika nilikwenda kufungua mfereji nikingoja mtu aniambie, mama, rudi nyumbani."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nilikuwa nikisikia nyayo nyuma yangu, najua ndiyo hao wamekuja."

Nilisimama. Muda wote ule nilikuwa natoka chumbani asubuhi, namwona anarudi na miguu iliyolowa, namuuliza chai iko wapi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja na hasira zako, mwanangu." Akasogeza jembe bega la pili, akapiga hatua kadhaa, kisha akaliweka chini na kuketi kwenye nyasi kando ya njia. Akajifunika uso kwa kitenge chenye tope na kulia, kwa sauti, namna ambayo hakulia hata kaburini. Watu waliokuwa wanashuka nyuma yetu wakapunguza mwendo, wakatupita bila kusema kitu. Nilikaa kando yake mpaka akanyamaza, kisha nikayabeba majembe yote mawili.